Jumanne Mbili na Dirisha Moja

Kisanduku kilijitokeza katikati ya skrini na kuuliza swali moja: tarehe zilizomo katika faili hili zimeandikwa kwa mpangilio gani? Chini yake palikuwa na majibu mawili tu, siku kwanza au mwezi kwanza, na kitufe cha kuendelea. Karani wa masijala alichagua siku kwanza, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyofundishwa kuandika tarehe tangu darasa la pili, akabonyeza kitufe, kisha akainua kikombe cha chai. Kikombe hakikufika mdomoni. Kati ya maombi sitini na manne yaliyoingia, ishirini na moja yalikuwa yamejipanga mkiani mwa orodha bila tarehe yoyote, kama wanafunzi waliotolewa nje ya darasa.

"Bwana Mfumo," aliita, "hebu njoo. Nina watu ishirini na mmoja hawana tarehe."

Bwana Mfumo alikuwa fundi wa kompyuta aliyeletwa kwa wiki moja kufunga programu mpya ya usajili. Jina hilo alipewa siku ya kwanza, maana kila alipoulizwa kwa nini jambo fulani liko hivi na si vile, alijibu kwamba mfumo ndivyo unavyotaka. Hakusimama. Alikisukuma kiti chake chenye magurudumu kwa miguu, akaja akiteleza nacho mpaka mezani pa karani.

"Rudi nyuma, dada. Chagua mwezi kwanza."

Akarudi nyuma, akachagua mwezi kwanza. Wale ishirini na mmoja wakapata tarehe zao, lakini wengine thelathini wakazipoteza.

"Hili shuka la mtoto," karani alisema. "Nikifunika kichwa, miguu iko nje."

"Basi faili lako bovu."

"Faili si bovu. Limeandikwa na watu wawili."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Mwaka uliopita, kuanzia mwisho wa Aprili hadi Desemba, maombi ya vyumba vya karakana yalipokelewa na makarani wawili waliopokezana meza moja na kompyuta moja. Mzee wa zamu ya asubuhi alianza na siku. Bibi wa zamu ya mchana alikuwa ametumikia miaka mingi kampuni moja ya mizigo ya kigeni, na huko alizoea kuanza na mwezi. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake anaandika kama yeye, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Sasa wote wawili walikuwa wamestaafu, na kabla ya kuondoka mmoja wao, hakujulikana yupi, aliipanga orodha nzima upya kwa alfabeti ili ipendeze. Kwa hiyo hata mfuatano wa mistari haukuweza tena kusema nani alimtangulia nani.

Tarehe yenye ishirini na tano ndani yake haina matata, kwa sababu hakuna mwezi wa ishirini na tano. Tarehe za namna hiyo zilikuwa hamsini na moja. Shida ilikuwa kumi na tatu zilizobaki, ambazo namba zake zote mbili hazikuzidi kumi na mbili. Hizo zilikubali kila mpangilio bila kulalamika, zikahama miezi kimyakimya. Mstari mmojawapo ulisomeka 9/5. Ukianza na siku, ni tarehe tisa Mei, na mwenye ombi ni wa pili katika foleni. Ukianza na mwezi, ni tarehe tano Septemba, na mwenye ombi ni wa arobaini na sita.

Vyumba vilikuwa arobaini. Mwenye ombi alikuwa mama mkwe wa karani.

Karakana yenyewe ilikuwa ghala la zamani lililogawanywa kwa kuta za matofali, na utaratibu wake ulikuwa mwepesi: aliyetangulia kujiandikisha hutangulia kuchagua. Vyumba vyote vilikuwa na taa, lakini chumba namba tisa peke yake kilikuwa na dirisha pana lililotazama uwanja. Mama mkwe alikuwa fundi cherehani. Miaka ishirini na sita alikuwa ameshonea katika ujia kati ya duka la vitabu na ukuta wa jirani, na mwenye ujia alikuwa amemwarifu kwamba mwisho wa mwezi ujia huo utaezekwa, jua lisiingie tena. Macho yake yalikuwa bado yanatosha kwenye mwanga wa jua, lakini chini ya taa uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi ulikuwa ukimpotea. Alikuwa amekwisha kusema nyumbani kwamba akikosa dirisha ataiuza cherehani na kwenda kukaa kwa mwanawe mkubwa, awachungie masufuria. Hakulisema kwa machozi. Alilisema kama mtu anayetaja idadi ya vifungo.

Bwana Mfumo aliutazama mstari ule, akamtazama karani.

"Huo mmoja uandike kwa mkono tu, dada. Tarehe tisa Mei, mambo yaishe. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na Mawimbi atajua kabla yangu."

Mawimbi alikuwa fundi wa redio, wa tatu katika orodha, naye pia alilitaka dirisha la namba tisa, kwa kuwa kazi yake ni ya nyaya nyembamba kama nywele. Alikuwa mtu mwema, ila mdomo wake, kama redio zake, ulikuwa rahisi kuwasha kuliko kuzima. Orodha ingesomwa Ijumaa saa nne asubuhi mbele ya waombaji wote, na sasa ilikuwa Jumatano.

Mchana karani alikwenda kwenye ujia. Mama mkwe alikuwa ameinama juu ya gauni la shule, mguu wake ukienda na kurudi kwenye kanyagio.

"Umekuja kula au umekuja kunikagua?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye stuli, sogeza kwanza hizo suruali, zina wenyewe."

"Mama, ile hati uliyopewa ulipojiandikisha, bado unayo?"

"Ninayo wapi. Nilikatia ruwaza ya ukosi."

"Mama."

"Karatasi yenyewe ilikuwa ngumu, nzuri. Kosi sita nimezikata kwa hiyo, zote zimekaa."

Karani alivuta pumzi. "Ulijiandikisha lini?"

"Jumanne."

"Jumanne ya tarehe ngapi?"

"Mwanangu, mimi na tarehe hatujuani. Jumanne ninaijua kwa sababu ndiyo siku yangu ya kununua uzi. Nilipita huko na kibunda changu, ulikuwa mwezi wa tano, akaniandika yule mzee wa asubuhi. Kwani wanasemaje huko?"

"Mashine inasema huenda ni Septemba."

"Iambie mashine ije hapa niipime mabega."

Karani alicheka. "Mimi ninakuamini, mama. Lakini siwezi kuandika kwenye orodha kwamba karani anamwamini mama mkwe wake."

Mguu ulisimama. Mama mkwe aliishusha miwani mpaka ncha ya pua, akamtazama mkwewe kwa juu yake.

"Na mimi sikitaki chumba cha kupewa na mkwe. Nitakaa humo kila mteja ananitazama hivi, kama ninavyokutazama sasa. Utapenda wewe?"

"Sitapenda."

"Basi nenda ukatafute ukweli, ukiwa mchungu nitautia sukari mwenyewe. Na ule kwanza, umekonda."

Njiani kurudi, neno Jumanne lilimwandama. Watu hawakumbuki tarehe, wanakumbuka siku. Makarani wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana fomu yao ilikuwa na safu ya siku kando ya tarehe. Lakini katika faili aliloliingiza asubuhi, safu hiyo hakuiona.

"Bwana Mfumo," alisema hata kabla ya kukaa, "ulipolisafisha faili langu Jumatatu, ulifuta nini?"

"Takataka tu. Safu moja ya J3, J4, J5. Mfumo ulikuwa unaikataa, nikadhani ni namba za makabati."

"Hizo ni siku. Faili la kwanza liko wapi?"

Liko kwenye flashi, akajibu, na kwa heshima yake ni lazima isemwe kwamba aliitoa mfukoni upesi. Safu ilikuwapo, kamili. Karani akaeleza mpango wake polepole, kama mtu anayeandika ubaoni. Tarehe hamsini na moja zilikuwa hazina shaka. Kwanza wazitumie hizo kuona kama makarani waliandika siku kwa uaminifu. Safu ikifaulu mtihani huo, ndipo waiulize kuhusu zile kumi na tatu. Mstari unaosema J3 hauwezi kuwa na tarehe iliyoangukia Jumamosi. Kwa hiyo kati ya tarehe mbili zinazowezekana, siku ingechagua moja.

"Hapo umesema," Bwana Mfumo alikubali. Aliiamuru mashine iseme kila tarehe iliangukia siku ya ngapi ya juma, kisha ilinganishe jibu na namba iliyo kando ya J. Panapolingana pawe kijani, pasipolingana pawe nyekundu.

Mistari yenye J ilikuwa thelathini na minne. Yote iligeuka nyekundu.

"Nilikwambia takataka," alisema.

Karani alikuwa akiteremka na kidole mstari kwa mstari. Penye J3 mashine ilisema moja. Penye J4 ilisema mbili. Penye J5 ilisema tatu. Akarudi juu, akateremka tena.

"Kosa lenye nidhamu kiasi hiki si kosa," alisema. "Mashine yako inaanza kuhesabu juma wapi?"

"Jumatatu. Jumatatu ni moja."

"Hebu sema tena, taratibu."

"Jumatatu ni moja."

"Taratibu zaidi."

"Juma... tatu..." Bwana Mfumo akakwama hapo, mdomo wazi.

"Tatu imo mdomoni mwako," karani alisema, "na wewe unaniambia moja."

Bwana Mfumo alicheka mpaka kiti kikamrudisha nyuma na kugonga kabati. "Miaka kumi na moja katika kazi hii, dada. Jumatatu ngapi hizo?"

"Nyumbani ulifundishwa kuhesabu kutoka Jumamosi, ukaja kumsikiliza mgeni."

"Na Alhamisi je? Tukitoka tano si twende sita?"

"Alhamisi nayo ni tano, ila ya Kiarabu. Juma letu lina tano mbili na halina sita. Usilihesabu, litaje kwa majina."

Wakatengeneza jedwali dogo: J1 ni Jumamosi, J2 ni Jumapili, J3 ni Jumatatu, na kuendelea, Alh na Ij zikisimama kwa majina yao wenyewe. Safari hii tarehe zote hamsini na moja zikawa kijani. Mzee wa asubuhi na bibi wa mchana, waliotofautiana katika kila tarehe, hawakuwa wamekosea siku hata mara moja.

Kisha wakaziuliza zile kumi na tatu. Kila tarehe ilijaribiwa pande zote mbili. Ombi la Mawimbi lilisomeka J5, 10/5. Tarehe kumi Mei ilikuwa Jumatano, na tarehe tano Oktoba ilikuwa Alhamisi, basi likakaa Mei bila ubishi. La muuza vioo likahamia Agosti, la mfuma vikapu likarudi Juni. Moja baada ya jingine, upande mmoja ulibaki nyekundu na mwingine ukawa kijani, mpaka kumi na mbili zikaisha. Ya kumi na tatu ilikuwa J4, 9/5.

Pande zote mbili zikawa kijani.

"Haiwezekani," alisema Bwana Mfumo.

Karani alichukua kalenda ya ukutani, akahesabu kwa ncha ya penseli. Kutoka tarehe tisa Mei mpaka tarehe tano Septemba ni siku mia moja na kumi na tisa, yaani wiki kumi na saba kamili, bila kupungua wala kuzidi. Zote mbili ni Jumanne. Dawa iliyowaponya wote kumi na wawili haikumfaa mama mkwe peke yake.

"Dada," Bwana Mfumo alisema kwa upole, "sasa hata ukiandika Mei hudanganyi. Kijani ni kijani."

"Hata nikiandika Septemba sidanganyi. Ndiyo shida yenyewe."

Alibisha mlango wa mkuu wa ofisi, mama mwenye sauti ndogo na kalamu nene, akamweleza yote kuanzia shuka la mtoto hadi wiki kumi na saba. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe unashauri nini?"

"Nashauri orodha isomwe na mimi, lakini mstari huo usemwe wazi mbele ya watu. Akitokea mwenye ushahidi usio wangu wala wa mama, uamue wewe. Asipotokea, uwekwe Septemba. Shaka isimfae ndugu wa karani."

"Ukiwekwa Septemba hapati chumba kabisa. Unajua?"

"Najua."

"Na nyumbani utalala wapi?" mkuu aliuliza, na kalamu nene ikaandika: *nakubali*.

Ijumaa ukumbi ulijaa mapema. Mafundi walikaa kwenye mabenchi, wengine wakiwa na vumbi la kazi mikononi, na Bwana Mfumo aliionyesha orodha ukutani kwa mwanga wa mashine. Karani alieleza habari ya makarani wawili, ya siku na mwezi, na ya J. Alipofika kwenye J watu walianza kucheka, kwa kuwa kila mmoja aliikumbuka siku yake.

"Mimi Ijumaa," alisema muuza vioo. "Nilichelewa kila mahali siku ile."

"Wewe unachelewa kila siku, usiisingizie Ijumaa."

"Soma yangu, karani. Kama si J3 nakula kofia."

Ilikuwa J3. Mstari baada ya mstari, watu waliulizana siku zao na ukuta ukazithibitisha, hata orodha ikaacha kuwa ya ofisi, ikawa yao. Kisha orodha ikasomwa kwa mfuatano. Seremala, aliyejiandikisha siku mbili baada ya orodha kufunguliwa, alikuwa wa kwanza na hakuna aliyepinga. Hapo karani aliuonyesha kwa kidole mstari wa pili.

"Mstari unaofuata ni wa mama mkwe wangu," alisema. "Siku yake ni Jumanne, lakini Jumanne zake ni mbili. Moja inamfanya wa pili, nyingine inamfanya wa arobaini na sita. Yeye anasema ni ya Mei, na mimi sina haki ya kumsemea. Kama hakuna mwingine anayejua, tutamweka Septemba."

Kicheko kilikatika. Mama mkwe alikuwa amekaa benchi la nyuma, mkoba juu ya magoti. Hakumtazama mtu yeyote. Mkuu wa ofisi aliuliza mara moja, akauliza mara ya pili. Mtu mmoja alikohoa. Mawimbi, aliyekaa mbele kabisa, alikuwa kimya, na ukimya wake ulionekana na wote, kwa kuwa kila mtu alijua nani atakayepata namba tisa mama yule akirudi nyuma.

Mkuu alifungua kalamu yake.

"Ngoja, mkuu," Mawimbi alisema, akasimama kwa uzito kama mtu aliyebebeshwa gunia. "Hili linaniuma, lakini litaniuma zaidi nikilimeza. Mimi ombi langu ni la tarehe ngapi?"

"Kumi Mei," karani alijibu. "Jumatano."

"Jumatano. Na kwa nini nilikuja Jumatano? Kwa sababu jana yake nilikuja nikafukuzwa. Nilifika mlangoni saa sita kasoro, nikamkuta huyu mama mezani anaandikwa, na kibunda cha uzi miguuni. Yule mzee akaniambia, kijana, huyu ndiye wa mwisho kwa zamu yangu, na wa mchana leo haji, rudi kesho. Nikabishana naye, mnanijua. Huyu mama akageuka akaniambia nipunguze sauti."

"Nilikwambia ujizime," mama mkwe alisema kutoka nyuma.

"Alisema nijizime," Mawimbi aliwaambia watu. "Mbele ya yule mzee. Mtu hasahau siku kama hiyo."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Mkuu wa ofisi alisubiri vipoe, kisha akauliza kama Mawimbi ana uhakika, akijua anachojikosesha.

"Mkuu, ningekuwa na shaka ningekaa kimya kwa furaha. Ila sina. Jumanne ya kabla ya Jumatano yangu ni hiyo moja tu, haina pacha."

Kalamu nene iliandika neno moja, *Mei*, kwa herufi, si kwa namba. Karani aliliingiza kwenye mashine hivyohivyo.

Wakaanza kuchagua. Seremala alitaka chumba cha karibu na lango kuu, kwa sababu mbao ndefu hazipendi kona. Mama mkwe alisema "namba tisa" kwa sauti ya kawaida kabisa, na baadaye tu ndipo karani alipoona jinsi vidole vyake vilivyokuwa vimeukaza mkoba. Mawimbi alifikiri, akachagua namba nane.

"Huko hakuna dirisha," mkuu alimkumbusha.

"Kuna mlango unaotazamana na wake. Akiufungua wake nami nikafungua wangu, mwanga utanisalimia. Na mama, nisikilize: cherehani ikipiga kelele, nitakuambia ujizime."

"Utasubiri zamu yako," mama mkwe alimjibu.

Mchana huohuo karani aliomba ruhusa, akaenda kumsaidia kuhama. Chumba kilikuwa kitupu na kilinuka chokaa mbichi. Jua lilikuwa limelala sakafuni, pana kama mkeka. Mama mkwe alizunguka kuta nne, akagusa kizingiti cha dirisha, akajifuta vumbi kwa upindo wa khanga.

"Nikuulize kitu," alisema.

"Uliza, mama."

"Yule kijana asingesimama, ungeniweka wa arobaini na sita? Kweli kabisa?"

Karani alikuwa ameshika ncha moja ya meza ya kukatia. Alifikiria kusema jambo laini, akaona halipo.

"Kweli kabisa, mama."

Mama mkwe alimtazama kwa kitambo, bila kuishusha miwani. Kisha akaja, akainama, akashika ncha ya pili.

"Haya, inua," alisema. "Na uinue sawa, usiniburuzie miguu ya meza kwenye sakafu yangu mpya."